Sura ya Saba: Kitwana Wawili

"Dole hili si langu," alisema Mwanamkuu.

Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kwa sababu mikono yake ilikuwa na utomvu wa mihogo aliyokuwa akimenya. Mbele yake, kwenye kigoda, aliketi Sajenti Adventina. Alikuwa na miaka miwili katika upelelezi pale Kibaha, na alijua kwamba mtu akianza kukanusha jambo ni vizuri kumwacha amalize.

"Mimi nina miaka mitatu siweki dole popote," Mwanamkuu aliendelea. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha khanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima. "Hatua ya nne. Hata sukari ya duka la kijiji naichukua kwa saini. Huyo aliyeniwekea dole hanijui."

"Niandikie jina lako hapa, mama."

Aliandika Mwanamkuu Pazi, polepole, herufi zimenyooka. Adventina aliiweka saini ile pembeni ya fomu.

Fomu ilitoka ofisi ya klabu ya Makasha, timu ya kiwanda cha makasha cha Kibaha. Ilisema kwamba Jumapili, tarehe 7 Juni 1981, Kitwana Mwinyijuma, miaka kumi na saba, mchezaji wa timu ya vijana, alirudishwa kwao Msimbu, Kisarawe, kwa lori la kiwanda na kukabidhiwa kwa mama yake mzazi. Lori liliondoka Kibaha saa tisa alasiri na kufika saa kumi na mbili. Chini kulikuwa na dole gumba la wino wa zambarau.

Leo ilikuwa tarehe 18 Agosti. Timu ya vijana ilikuwa imevunjwa, na kambi yao ilikuwa imefungwa. Vijana kumi na mmoja walikuwa makwao. Adventina alikuwa amekwisha kuhakikisha, mmoja baada ya mwingine. Wa kumi na mbili hakuwa Msimbu wala Kibaha, na mpaka siku tano zilizopita hapakuwa na mtu aliyemtafuta.

"Wiki kumi, mama," alisema Adventina. "Samahani, lazima niulize. Hukuwa na wasiwasi?"

Mwanamkuu alikaa tena, akachukua kisu, asimenye.

"Nilikuwa namsikia."

"Unamsikia wapi?"

"Redioni. Jumamosi watu hukusanyika pale dukani kusikiliza mpira. Mtangazaji anasema Makasha, Kitwana, Kitwana tena, Kitwana anapiga, bao. Watu wananipa mkono. Wanasema mwanao amepandishwa timu ya wakubwa. Siku ile alipofunga mawili nilikopa mchele, nikawapikia majirani." Alikiweka kisu kando. "Hakuandika barua, lakini nikasema ana kazi nyingi. Mpaka wiki iliyopita shemeji yangu alipopeleka machungwa Kibaha, akaingia uwanjani kumwona. Alirudi hana uso. Akaniambia, 'Shemeji, yule Kitwana ana ndevu.'"

Adventina alikunja daftari lake. Alimjua Kitwana mwenye ndevu. Kibaha nzima ilimjua: Kitwana Saburi, mshambuliaji aliyechukuliwa kutoka timu kubwa ya Dar es Salaam mwezi wa sita kwa fidia ambayo watu waliitaja kwa kunong'ona.

"Mwanangu," Mwanamkuu alimwita alipokuwa anapanda Land Rover. "Usinifiche utakachokikuta."

"Sitakuficha, mama."

Njiani aliitoa fomu tena. Mwaka ule karatasi zilikuwa adimu, na ofisi nyingi ziliandikia upande wa nyuma wa karatasi zilizokwisha tumika. Aliigeuza. Nyuma kulikuwa na tangazo la kiwanda lililopigwa chapa: bwalo halitatoa uji wa asubuhi mpaka unga upatikane. Tangazo lilikuwa la Jumamosi, tarehe 27 Juni.

Aliisoma tarehe ile mara mbili. Fomu iliyotiwa dole tarehe 7 ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ambayo siku hiyo haikuwapo bado.

*

Kizuizi cha polisi cha barabara ya Morogoro kilikuwa na daftari lake. Askari wa zamu alimfungulia ukurasa wa tarehe 7 Juni. Lori la kiwanda lilikuwamo, limeingia kutoka Dar es Salaam saa saba na dakika kumi mchana. Shehena: vyombo vya nyumbani. Baada ya hapo halikuandikwa popote, na sababu ilijulikana na kila mwenye gari: Jumapili, ikishapita saa nane mchana, magari hayakuruhusiwa kutembea bila kibali, ili kuokoa mafuta.

Dereva wa lori lile aliitwa Kondo. Adventina alimkuta kwenye kituo cha mabasi cha Kwa Mathias, kando ya barabara, katika gereji ya uani, amelala chini ya gari. Alitoka akijifuta mikono kwa kipande cha gunia.

"Jumapili ile ulifika Msimbu saa ngapi, Ndugu Kondo?"

"Kama ilivyoandikwa, afande."

"Sikuulizi kilichoandikwa."

"Saa kumi na mbili."

"Daraja la kuingilia kijijini ulilivukaje? Nasikia mbao zake zimeoza."

"Polepole tu, afande. Gari zito lile."

"Nimetoka Msimbu asubuhi hii. Njia ya lori haina daraja."

Kondo alitazama mikono yake. Fundi gereji alichukua spana zake akaondoka bila kuambiwa.

"Vijana niliwashusha hapa," alisema hatimaye. "Hapa hapa kituoni. Sikufika Msimbu wala popote."

"Kwa nini?"

"Asubuhi nilitumwa Dar kuchukua vyombo vya Saburi. Kambi ya vijana ndiyo aliyopewa kuwa nyumba yake. Vijana wakatoa magodoro yao, wakaingiza vyombo vya mwenzao, kitanda, kabati, friji. Tulipomaliza saa nane imepita, na mafuta yamebaki ya kurudisha gari kiwandani tu. Katibu wa klabu akasema wapeleke Kwa Mathias, kila mmoja atajua njia yake."

"Walipewa nauli?"

"Hapana, afande."

"Kitwana alikuwa na hali gani?"

"Alikuwa na homa. Alikaa pale, kwenye magunia ya mkaa, amejifunika jezi kichwani." Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara. "Wenzake wa Mlandizi walipata gari la jeshi. Yeye kwao mbali. Nikaondoka nikamwacha."

"Na dole?"

Kondo alikinyoosha kidole gumba mbele yake kama mtu anayeonyesha kidonda. "Langu. Fomu zote kumi na mbili. Katibu aliniita Jumatatu moja mwisho wa Juni. Akasema ni za ukaguzi tu, vijana wote wamefika salama."

"Kwa nini mwisho wa Juni? Kwa nini si siku ile ile?"

"Hilo sikuuliza. Mtu mwenye kazi siku hizi haulizi."

Adventina alimtaka aandike maelezo yale na kutia saini. Kondo alikuwa anajua kuandika vizuri sana.

*

Iliyokuwa kambi ya vijana, mtaa wa Picha ya Ndege, ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vinne, bado ina misumari kwenye kuta palipotundikwa jezi za vijana. Kitwana Saburi alifungua mlango akichechemea. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa chenye barafu.

Adventina alitegemea kukuta mtu wa maringo. Alikuta mtu aliyemletea kiti, akazima redio, akasubiri.

"Unamkumbuka kijana aliyeitwa jina lako?"

"Namkumbuka. Winga. Alibeba friji hilo na wenzake watatu. Baadaye nikamkuta uani ameegemea ukuta anatetemeka. Nikamwambia akalale ndani. Akasema, 'Hapana kaka, si kwetu tena.' Nikamwuliza mbona mnaondoka. Akasema, 'Wewe umekuja, kaka.' Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza njia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na vidonge vinne vya klorokwini, nikampa. Nikamwambia Katibu, huyu mtoto mgonjwa, mwache alale. Akaniapia kwamba gari litawafikisha mpaka mlangoni." Saburi alilisogeza goti lake kwa mikono miwili. "Hajafika?"

"Hajafika."

Mbu alitua mkononi mwa Saburi, hakumfukuza.

"Ulijua kwamba fedha zilizokuleta zilikuwa za kambi yao?"

"Nilijua baadaye. Shilingi elfu thelathini kwa klabu yangu ya zamani, nyumba, na kazi ya utunza stoo kiwandani ambayo siifanyi. Mpishi wa kambi ndiye aliyeniambia, alipokuja kuchukua masufuria yake. Afande, goti hili lina msimu mmoja, labda miwili nikidanganya. Yule mtoto niliona jinsi alivyoutuliza mpira mmoja uliotoka ndani ya kabati, kwa kisigino, na homa ile ile. Alikuwa na miaka kumi mbele yake. Kama klabu ingeniuliza, ningewaambia. Lakini mchezaji haulizwi."

Adventina alifunga daftari, akalifungua tena. Kulikuwa na pengo moja lililomsumbua, lile la kati ya tarehe 7 na mwisho wa mwezi.

"Kuna mtu yeyote alikuja kumwulizia? Mwisho wa Juni hivi?"

Saburi alifikiri. "Kuna mzee alikuja mazoezini, amejaa masizi mpaka kwenye kope. Alisimama nyuma ya goli, akauliza, hapa nani anamjua Kitwana. Nikamwambia Kitwana ni mimi. Akanitazama sana. Akasema, 'Siye wewe.' Mara Katibu akaja, akamshika mkono, akaenda naye ofisini. Nilipouliza, akasema ni mwehu."

"Siku gani hiyo?"

"Ijumaa. Kesho yake tulicheza nyumbani, nikafunga mawili."

Ijumaa tarehe 26. Jumamosi tangazo la bwalo. Jumatatu Kondo anaitwa kutia dole. Adventina hakuhitaji kuandika.

*

Wauza mkaa wa Kwa Mathias walimjua mzee yule mara moja. Aliitwa Mwishehe, alichoma mkaa yeye na wanawe wawili tu ndani ya msitu wa upande wa Kisarawe, njiani kuelekea reli. Mwanamke mmoja muuza magunia, Sikudhani, alikumbuka pia kumwonyesha kijana mgonjwa njia ile mwezi wa sita. "Aliuliza ya mkato ya kwenda Kisarawe. Nikamwambia utapita kwa wachoma mkaa. Kulikuwa bado mchana, afande."

Land Rover iliishia njia ilipoishia. Adventina alitembea saa moja na nusu, akifuata alama za magurudumu ya baiskeli za mkaa, mpaka moshi ulipoanza kumchoma macho.

Mzee Mwishehe alimwona kwa mbali. Aliweka sepetu chini, akasimama wima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sina kibali cha miti hii, binti. Nikamate mimi, hawa wanangu waache."

"Sikuja kwa ajili ya miti. Nimekuja kwa ajili ya kijana aliyevaa jezi ya Makasha."

Mzee alishusha pumzi, akakaa juu ya gogo. Kwa muda hakuonekana mtu aliyekamatwa bali aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua mtu atakuja. Nikasema labda baba yake." Alisugua magoti. "Tulimkuta Jumatatu alfajiri, pale, ubavuni mwa tanuri. Alikuja kufuata joto. Anatetemeka, macho ya manjano. Vidonge alikuwa navyo mkononi, hajavimeza, hana maji. Tukamnywesha, tukamfunika magunia. Nikamwuliza jina, akasema Kitwana wa Makasha. Nikamwuliza kwenu wapi, anasema kwa mama. Kwa mama wapi? Kwa mama. Siku ya pili hakujua tena mchana wala usiku. Nilitaka tumbebe kwa baiskeli mpaka zahanati. Tulimfunga kwenye karia kwa kamba ya gunia, tukaenda kidogo, akaanza kutapika damu, tukarudi. Jumatano adhuhuri akakata roho."

"Hukutoa taarifa polisi."

"Polisi wangeuliza nafanya nini humu. Nilimwambia balozi wangu wa nyumba kumi. Naye ni mchoma mkaa." Alimtazama Adventina usoni. "Lakini sikukaa kimya, binti. Nilizunguka vijiji vya karibu, nani kapotelewa na mtoto. Hakuna. Ndipo nikaenda klabuni, maana jina alilotaja ni hilo. Nikamweleza yule Katibu kila kitu. Kijana wenu amefia kwangu, nimemzika, niambieni wazee wake nikawaombe radhi."

"Akakujibu nini?"

"Akasema, 'Kitwana wetu yu hai, kesho atacheza, msikilize redioni.' Nikamwambia kijana wangu si yule mwenye ndevu. Akafunga mlango. Akasema nikirudi tena atawaita watu wa misitu wanifunge miaka miwili."

Alimpeleka kaburini. Lilikuwa nyuma ya mti mmoja ambao hawakuukata, limezungushiwa mawe madogo, majani yamefagiwa. Mzee alisimama pembeni kama mwenye nyumba anayeonea haya nyumba yake. Adventina alipima hatua kutoka njiani, akachora ramani, akaandika majina ya waliomzika. Aliyafanya yote taratibu, kwa mpangilio, na alipomaliza aliyarudia tena vipimo, ingawa havikuhitaji kurudiwa.

*

Katibu Twalibu alikuwa mtu wa mashati meupe. Kiwanda hakikuwa na sabuni, lakini shati lake lilikuwa jeupe. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha mbili za timu ya wakubwa, na mahali peupe pa mraba palipotolewa ya tatu.

"Ndugu Sajenti, karibu. Nasikia bado mnahangaika na yule kijana. Vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Mimi nina fununu kwamba yuko Dar, klabu moja kubwa imemficha. Ukienda kwenye kambi zao utamkuta."

"Nani kakupa fununu?"

"Watu wa mpira."

"Lakini fomu yako inasema alikabidhiwa kwa mama yake."

"Alikabidhiwa, halafu akatoroka. Yote yanawezekana."

Adventina aliiweka fomu mezani, upande wa nyuma juu. Aliweka kidole kwenye tarehe. Halafu aliweka maelezo ya Kondo pembeni, halafu ya Saburi, halafu karatasi moja yenye saini ya mchoma mkaa kwa herufi za Kiarabu. Hakueleza. Twalibu alisoma ya kwanza, ya pili, na alipofika ya tatu hakuisoma, alilitazama jina tu.

"Ilikuwa homa," alisema. "Homa ni kazi ya Mungu."

"Homa ni ya Mungu. Fomu ni yako."

"Ningefanya nini? Niambie wewe. Ile Ijumaa tulikuwa tumepoteza mechi mbili. Wanachama wamejaa pale nje wanataka kunitoa. Jumamosi zote wanaimba jina la mshambuliaji, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za vijana. Timu ya vijana inakula leo ili icheze baada ya miaka mitano, Ndugu Sajenti. Nani anasubiri miaka mitano? Ningesema mtoto amekufa porini kwa sababu lori lilibeba friji, Mkoa ungeuliza habari ya lori, ya nyumba, ya elfu thelathini. Usajili wa Saburi ungefutwa."

"Kwa hiyo ulimwacha mama yake asikilize redio."

Twalibu hakuelewa alichoambiwa, na Adventina hakukirudia.

"Yule mzee alikuomba jambo dogo," alisema. "Jina la kijiji. Lilikuwa kwenye kabati hilo, kwenye fomu ya usajili ya kijana. Simama, Ndugu Twalibu. Chukua koti lako."

Nje mazoezi yalikuwa yanaendelea. Watu waliacha mpira wakatazama Katibu akiingizwa kwenye Land Rover, na mmoja akauliza kwa sauti kama Jumamosi mechi itakuwapo. Saburi peke yake hakutazama. Alikuwa amekaa chini kwenye mstari wa pembeni, anavua njumu.

*

Kesho yake asubuhi Adventina alirudi Msimbu. Mwanamkuu aliliona gari, akaona namna Sajenti alivyoshuka, akaweka ungo chini. Hakupiga yowe. Alitandika mkeka, akakaa, akangoja.

Adventina alimwambia yote, tangu friji mpaka mti ambao haukukatwa. Alimwambia pia kwamba hakimu anaweza kuamuru kaburi lifunguliwe ili daktari athibitishe. Mwanamkuu alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Alioshwa?" aliuliza.

"Alioshwa. Maji walikuwa nayo dumu moja tu, la kunywa. Walilitumia lote."

"Aliswaliwa?"

"Mzee na wanawe wawili."

"Sanda waliipata wapi? Hapa kwetu sanda mpaka kibali cha kata, unangoja siku mbili."

"Alivishwa kanzu ya mzee."

Jirani mmoja alikuwa amekwisha kusimama uani, ameshika kichwa, na Mwanamkuu akamwashiria kwa mkono atulie. Halafu akaingia ndani. Adventina alisikia sanduku likifunguliwa, vitu vikisogezwa. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga nyeusi, na kwapani alikuwa na kanzu iliyokunjwa vizuri, imegeuka manjano kwenye mikunjo.

"Ilikuwa ya marehemu baba yake," alisema. "Nilikuwa namwekea Kitwana, ya kuolea. Gari lako linaweza kunifikisha kwa huyo mzee?"

"Linaweza mpaka njia inapoishia. Baada ya hapo ni kutembea, mama, saa moja na nusu."

"Nitatembea. Leo Jumatano. Nataka Ijumaa huyo mzee awe na kanzu ya kuswalia."